Geji Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Injini

Harufu ndiyo iliyonishtua, si geji. Tulikuwa tumeiacha Mombo kama dakika ishirini nyuma, tunapanda kuelekea Soni kwa gia ya pili, madirisha wazi, shangazi yangu kakaa kushoto na kitenge chake mapajani. Akanusa, akanigeukia: "Mwanangu, mbona humu kuna harufu tamu tamu?" Nikatupa jicho kwenye dashibodi. Mshale wa joto la maji ulikuwa umetulia, chini kidogo ya katikati, kama siku zote. Nikauamini mshale. Nilikata kona mbili zaidi kabla injini haijaanza kugonga na kuishiwa nguvu. Nilipofungua boneti, mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yalikuwa yamebaki barabarani.

Safari ile ilinigharimu gasketi ya hedi, na hedi yenyewe ikabidi ipelekwe Tanga kusawazishwa kwa mashine. Lakini kilichoniuma zaidi ya pesa ni ule mshale uliotulia. Nilikaa nao moyoni siku kadhaa. Mwishowe nikaenda kwa fundi umeme wangu hapa Korogwe, mzee ambaye mji mzima unamwita Mghosi, nikamwambia geji yangu ni mbovu, nataka mpya.

Akaipima mbele yangu. Ilikuwa nzima. "Haikukudanganya," akasema. "Ile sensa inapima kinachoigusa. Maji yakiwepo, inapima maji. Maji yakiondoka, inapima hewa, na hewa haiipi joto kama maji. Injini inaungua, yenyewe inapoa."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza habari za geji, na nimejifunza kwa muda wa miaka mitatu sasa. Nayaandika haya kwa sababu najua wenzangu wengi mna Land Rover, Peugeot 504, Datsun na Volkswagen za zamani, mnazipenda, na siku mkitaka kuziongezea geji mnaanza pale nilipoanzia mimi, yaani dukani, kwa kutazama sura. Sura ndilo jambo la mwisho. Geji huchaguliwa kuanzia kwenye injini kuja kwenye dashibodi. Unajiuliza kwanza unataka kujua nini, kisha sensa gani itaingia wapi, kisha waya utapita wapi, na mwisho kabisa ndipo unapochagua kisahani cha kutazama.

Gari langu ni Land Rover Series III, 109 (inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), ya mwaka 1979, ya petroli, cc 2,286. Ilikuwa ya shamba la mkonge, na niliinunua mnadani ikiwa imesimama chini ya mwembe. Mbele ya dereva kuna visahani viwili vikubwa. Kimoja ni cha spidi, cha pili kimegawanywa kati ya mafuta na joto la maji. Joto la maji halina namba, lina eneo la baridi na eneo la moto tu. Presha ya oili haina geji, ina taa. Kwa mtu aliyekuwa akilima na gari hili miaka ya themanini hayo yalitosha, maana fundi wa shamba alikuwa hatua mia moja kutoka shambani. Mimi napanda nalo milima ya Usambara na fundi wangu yuko bondeni.

 Mghosi alitaka tujue geji za asili zinafanyaje kazi, na hapo nilikuta jambo ambalo kila mwenye gari la Kiingereza la miaka ya sitini na sabini anapaswa kulijua. Ndani ya geji hizi za kampuni ya Smiths kuna ukanda wa metali mbili zilizogandamana. Umeme ukipita unapata joto, ukipata joto unapinda, na ukipinda unausukuma mshale. Ndiyo maana ukiwasha gari mshale unapanda taratibu, hauruki. Sasa, volti za gari hazitulii: 12 na kitu injini ikiwa imezimwa, 14 ikiwa inanguruma. Ili mshale usiyumbe na volti, nyuma ya dashibodi kuna kijisanduku kidogo cha bati kinachozipa geji zote mbili wastani wa volti 10. Nacho kina ukanda wake wa metali mbili, unaokata umeme na kuurudisha, kukata na kurudisha. Ukigusisha taa ya kupimia kwenye mguu wake wa kutokea, taa inapepesa.

Yangu haikupepesa. Iliwaka moja kwa moja. Bolti inayokishika kile kijisanduku kwenye bodi ilikuwa na kutu, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bati la gari) haipo, kwa hiyo geji zilikuwa zikipata volti zote za alteneta. Mshale wa mafuta ulikuwa ukinionyesha zaidi ya kilichomo tangini, na wa maji vilevile ukisoma juu kuliko ukweli. Nikakumbuka kwamba miezi ile mishale yote miwili ilikuwa imepanda pamoja, nami nikaona ni kawaida. Si kawaida. Mafuta na maji havijuani. Mishale yao ikipanda pamoja, tazama kinachozilisha geji zote mbili. Mghosi alisugua bolti kwa msasa mpaka ikang'aa, baadaye akaniwekea ndani ya lile bati kirekebisha volti cha kielektroniki cha volti 10, kitu kidogo kama ukucha. Geji za asili zikarudi kusema kweli, na mpaka leo zipo mahali pake. Sijazing'oa na sitazing'oa.

Kwa hiyo swali likawa ni nini kinachokosekana.

Presha ya oili kwanza. Hapa sibishani na mtu. Kama una nafasi ya geji moja tu, iwe hiyo. Taa ya oili huwaka presha ikiwa imeshuka mno, kwa injini nyingi za umri huu ni chini ya paundi 10 kwa inchi ya mraba, na ukiiona imewaka katikati ya mlima umechelewa. Injini yangu ina kranki yenye beringi tatu, maana zile za beringi tano zilianza mwaka 1980, na kranki ya namna hii inategemea oili kwa kila kitu. Kitabu cha mafundi cha Land Rover kinasema injini ikiwa moto, gia ya nne, maili 30 kwa saa, presha iwe kati ya paundi 35 na 65. Hiyo ni kama baa 2.4 hadi 4.5, kwa kuwa baa moja ni paundi 14.5.

Zitazameni namba hizo vizuri, kwa sababu ndizo zinazochagua geji. Madukani utakuta geji za oili za baa 5 na za baa 10. Ya baa 10 inaonekana ni kubwa, ni bora. Lakini maisha yote ya injini yangu yako kati ya baa 1 na baa 4.5, kwa hiyo kwenye geji ya baa 10 mshale wangu ungeishi kwenye nusu ya chini, na tofauti ya baa 3 na baa 2.5 ingekuwa unene wa unywele. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe! Ndiyo inayokuambia oili imekuwa nyepesi au beringi zinalegea. Nikachukua ya baa 5. Mwenye injini ya mashindano inayozunguka kwa kasi kubwa na pampu nzito atachukua ya baa 10, naye atakuwa sahihi kwa injini yake.

Na hapa pana mtego. Sensa za VDO, kampuni ya Kijerumani, za baa 5 na za baa 10 zinatumia ukinzani wa umeme uleule, omu 10 presha ikiwa sifuri hadi omu 180 ikiwa mwisho. Kwa macho zinafanana. Ukifunga sensa ya baa 10 kwenye geji ya baa 5 hakuna kitakachoungua, mshale utatembea vizuri tu, ila presha ya baa 4 itasomeka 2. Utashusha injini bure. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye kopo la sensa kabla hujalipa.

Sijui kwa nini sikuanza na elimu hiyo. Nilianza Kariakoo. Mtaani Gerezani, duka moja lilikuwa na seti ya geji nne kwenye boksi zuri, vioo vyenye pete za kung'aa, namba nyeupe juu ya weusi, kipenyo cha milimita 52 ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha geji ndogo duniani. Oili, maji, volti, mafuta. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hizi zinaingia gari lolote." Nikazinunua zote nne, na kwa kuwa nilitaka zifanane, nikamwambia Mghosi aunganishe na ile ya mafuta pia. Yeye alikuwa amebanwa na kazi ya basi siku ile; kazi ikafanywa na kijana wake.

Siku ya tatu gari lilizima njiani kabla sijafika Segera. Geji ya mafuta ilikuwa inaonyesha limejaa.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Boya la tangi la Land Rover hutoa ukinzani mkubwa tangi likiwa tupu, zaidi ya omu 200, na mdogo likijaa, omu ishirini na kitu. Geji niliyonunua ilitengenezwa kwa mpango wa Kijerumani, ambao ni kinyume: omu 10 tupu, omu 180 limejaa. Wamarekani nao wana wao, omu 240 tupu na 33 limejaa, ambao hauko mbali na wa Kiingereza. Kwa hiyo geji yangu ilikuwa ikisoma kichwa chini miguu juu. Kila nilivyochoma petroli, mshale ulipanda. Nilitembea kilomita kadhaa na kidumu, juani, nikiwaza jinsi muuzaji alivyotamka lile neno "lolote". Hakuna geji inayoingia gari lolote. Geji na sensa ni mtu na mkewe, zinunuliwe pamoja, zitoke nyumba moja. Kama unabakiza sensa ya asili, chukua multimita (kipimo cha umeme), pima omu tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, kisha uende dukani na namba hizo mbili zimeandikwa kwenye karatasi.

Nyuzi za sensa, yaani zile za kukazia kama za bolti, zilileta shida nyingine, na hii ilinitisha zaidi. Sensa ya oili iliyokuja na seti ile ilikuwa na nyuzi za Kimarekani za moja ya nane, ambazo ni 27 kwa inchi na zina umbo la kupungua kuelekea nchani. Kiungio tulichokuwa nacho kilikuwa cha nyuzi za Kiingereza za moja ya nane, ambazo ni 28 kwa inchi. Ishirini na saba na ishirini na nane! Kwa mkono inaingia mizunguko miwili mitatu, unajisikia umepata, ukiweka spana unakaza chuma kinachokula chuma. Ikavuja. Kijana akaifungua, akaizungushia tredi tepu, akaikaza tena. Ikaacha kuvuja, na geji ikaacha kusoma. Sensa yenye waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake, kwenye nyuzi zilezile, na sasa nyuzi zilikuwa zimevishwa plastiki.

Mghosi aliporudi akaifungua, akaitazama juani, akaiweka mezani bila kusema neno. Kisha akatoa kutoka kwenye droo kibao chembamba chenye meno, kipimo cha nyuzi, akanionyesha: meno ya 28 yanakaa kwenye kiungio kama yamezaliwa hapo, na ukiyaweka kwenye sensa unaona mwanga unapenya kila baada ya meno machache. "Hiki kinauzwa," akasema. "Kinunue kabla ya geji." Nimekinunua. Kipo kwenye gari.

Sasa niingie kwenye ubishi ambao hauishi gereji, wa geji ya umeme na geji ya bomba.

Geji ya bomba haina sensa. Bomba jembamba linatoka kwenye injini mpaka nyuma ya dashibodi, na oili yenyewe, moto na presha yake, inapanda mpaka ndani ya geji. Humo kuna kijibomba cha shaba kilichobapwa na kupindwa kama mundu. Presha ikiingia kinajaribu kujinyoosha, na huko kujinyoosha ndiko kunakozungusha mshale. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyeusajili uvumbuzi huo mwaka 1849, na mpaka leo mitungi ya gesi na boila za dunia nzima zinasomwa hivyo. Haihitaji betri, haijali ethi, haijui habari ya omu. Mghosi anaipenda kwa hiyo sababu, na namwelewa. Mzee aliyeishi na nyaya miaka arobaini anajua ni wapi uongo unapopenyea.

Lakini mimi nakaa na miguu yangu chini ya ile dashibodi. Bomba la nailoni likisuguana na tundu la ukuta wa injini kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, siku moja linatoboka, na kinachomwagika miguuni ni oili yenye joto la nyuzi zaidi ya 90. Bomba la shaba ni gumu zaidi, ila shaba ikitikiswa muda mrefu inakakamaa na kupasuka, ndiyo maana mafundi wazuri huizungusha duara moja au mawili kama springi karibu na injini ili imeze mtikisiko. Ukitaka ya bomba, fanya hivyo, na weka raba kwenye kila tundu la bati. Mimi nilichagua ya umeme, na Mghosi akakubali kwa sharti: ile sensa yenye kopo kubwa isikae juu ya injini. Ni nzito, na ukiining'iniza kwenye kiungio cha T pembeni ya bloku inayotikisika, inajivunja shingo yenyewe. Tukaifunga ukutani, kwenye bati, tukaleta oili kwa mpira mfupi uliosukwa kwa waya, tukaipa waya wake wa ethi. Kwenye T tukarudisha na swichi ya taa ya asili. Taa ni muhimu, kwa sababu jicho la dereva halikai kwenye geji, lakini taa nyekundu italiita.

Joto la maji lilinichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu ya ile siku ya Soni. Nilitaka namba. Thamostati yangu (mlango wa maji ya injini unaofunguka kwa joto) ni ya nyuzi 82, kwa hiyo gari linapotembea tambarare natarajia mshale uwe hapo au juu yake kidogo, na nataka kuona tofauti ya 88 na 96, si "katikati". Geji ya nyuzi 40 hadi 120 inatosha. Sensa ya asili tuliiacha kwenye hedi ilishe geji ya asili, na ya pili tukaiweka kwenye kiungio cha aluminiamu kinachokatiza mpira wa juu wa rejeta. Kiungio hicho kimezungukwa na raba pande zote mbili, hakina ethi hata kidogo, kwa hiyo nacho kikafungiwa waya wake. Nimeshaona gari tatu zenye kiungio hicho na geji isiyoamka, na zote tatu dawa yake ilikuwa waya mmoja wa ethi.

Kabla ya kuifunga, tulifanya jambo ambalo sasa nalifanya kwa kila sensa ya joto. Tuliweka sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa uani kwa Mghosi, tukaining'iniza sensa kwa waya ncha yake ikiwa majini bila kugusa chini, tukaweka na kipimajoto pembeni, tukakaa kwenye vigoda na multimita. Nyuzi 40: omu 290 hivi. Nyuzi 60: 134. Mkaa ukashika, namba zikaanza kukimbia. Nyuzi 80: karibu 70. Maji yalipochemka ilikuwa chini ya 40. Ndivyo inavyotakiwa kwa sensa ya VDO ya nyuzi 120. Sensa nyingine, iliyokuja na ile seti ya Kariakoo, tuliichemsha kwenye sufuria hiyohiyo. Kwa nyuzi 80 ilitoa namba moja, tulipoipoza na kuipandisha tena ikatoa namba nyingine kabisa. Niliiweka pembeni na sijaitumia kwa lolote. Jaribio lote lilichukua nusu saa na vipande vichache vya mkaa.

Bado jibu la Mghosi linasimama: maji yakiisha, hata geji yangu mpya itapima hewa. Kwa hilo nimeweka kitu tofauti, kijiti cha kuhisi kina cha maji juu ya rejeta, kinachowasha taa maji yakishuka chini yake. Geji na taa vina kazi mbili. Sikulijua hilo, nikapoteza gasketi.

Volti sitakaa nazo sana. Injini ikiwa imezimwa na betri nzima utaona 12.6 hivi. Ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ukitembea na 12.5 alteneta haichaji, ukiona 15 na zaidi inachaji kupita kiasi na betri itachemka. Chukua umeme wake kwenye mstari unaowaka na swichi ya gari, basi. Ila nawasihi wenye gari zenye geji ya ampea za zamani: geji ile inapitisha karibu umeme wote wa gari kwenye nyaya mbili nene nyuma ya dashibodi. Ilipangwa kwa jenereta au alteneta ndogo; hii ya kampuni ya Lucas iliyokuja na gari langu ilikuwa ya ampea 34. Leo mtu anafunga alteneta ya 60 au zaidi, anaongeza taa za mbele, redio, kuchaji simu, na vyote vinapita kwenye vile viungio viwili vya miaka arobaini na kitu. Vikilegea vinapata joto, na moto wa nyuma ya dashibodi hauzimiki kwa mkono. Weka ya volti.

Mita ya mizunguko ya injini sikuweka. Kwa gari la kupanda milima taratibu sikio linatosha. Ukiitaka, kumbuka inahesabu cheche za koili, na injini ya silinda nne hupiga cheche mbili kwa kila mzunguko, ya silinda sita tatu, kwa hiyo lazima iwe imepangwa kwa injini yako. Dizeli haina cheche. Ya kwake inachukua ishara kwenye mguu wa W wa alteneta. Na kama gari lako ni la Kiingereza la kabla ya miaka ya mwisho ya sitini, hakikisha kwanza kama ethi yake ni hasi au chanya, maana mengi yalikuwa chanya, na kifaa cha kielektroniki kikiungwa kinyume kinakufa hapohapo.

Ndipo tukafika kwenye dashibodi, na hapa nililinda jambo moja kwa nguvu: hakuna tundu jipya kwenye bati la asili. Oktoba 2024 nilikwenda Arusha kwenye tamasha la Land Rover, na nilipita kwenye mistari ile nikichungulia ndani ya gari moja baada ya jingine. Niliziona dashibodi zilizotobolewa na kila mwenye gari aliyepita, redio ilikokuwa, swichi ilikokuwa, matundu yaliyobaki wazi kama meno yaliyong'olewa. Tundu halirudi. Mimi nilichongesha kibao cha mninga, kirefu kama mkono, chenye matundu matatu ya milimita 52, kikafungwa chini ya ukingo wa dashibodi kwa bolti zilizokuwapo. Siku gari likienda kwa mtu mwingine anaweza kukitoa kwa spana moja.

Geji hazikukaa wima ndani ya matundu. Tulizizungusha, kila moja kwa kiasi chake, ili mambo yakiwa sawa mishale yote mitatu ielekee juu kabisa. Watu wa mashindano hufanya hivi tangu zamani. Namba zinakaa upande upande, mtu akiona mara ya kwanza anadhani fundi alikosea. Lakini barabarani husomi namba. Unaona mishale mitatu imesimama kama askari kwenye gwaride, na mmoja ukilegea jicho linaukamata bila kuutafuta. Namba unazisoma baadaye, ukishajua ni ipi ya kusoma.

Taa za ndani ya geji zilitaka subira. Taa za LED nyeupe zilizokuja nazo zilikuwa kali mno. Usiku, barabara ya Soni haina taa, na ukitoa macho kwenye kibao kinachong'aa hivyo unakuwa kipofu kwa sekunde mbili pembeni ya korongo. Nikarudisha balbu ndogo za manjano za kizamani. Sasa zinafanana na mwanga wa visahani vya asili, na usiku huwezi kujua ni vipi vilikuja na gari.

Mwezi wa saba mwaka huu nilimpeleka tena shangazi Lushoto. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 32 na barabara inapanda karibu mita elfu moja. Alipoketi alitazama kile kibao akauliza, "Hizi saa tatu za nini?" Nikamwonyesha: hii oili, hii maji, hii umeme. Akasema, "Basi ya maji niachie mimi."

Akaiangalia kweli. Kona kwa kona akanitajia: themanini na nne. Themanini na saba. Kwenye mpando mrefu kabla ya Soni, gia ya pili, oili ilikuwa baa 2.8 na haitikisiki, na shangazi akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Tisini na tatu." Nikaendelea. "Tisini na tatu. Tisini na tatu bado." Tulipofika Soni nikasimama karibu na wauza mapeasi, nikaacha injini ingurume bila kuizima. Maji yakapanda mpaka 95, yakakaa. Wauzaji walikuwa wameshaleta vikapu dirishani lakini shangazi aliwainulia mkono wangoje, macho kwenye kisahani, mpaka mshale ulipoanza kurudi.